Ahadi za Agano: Ni Zetu kwa Njia Gani?

Katika usharika wangu wa kwanza tulikuwa na desturi ya mkesha wa mwaka mpya. Vijana walikata karatasi ndogo, wakaandika juu ya kila moja mstari wa ahadi kutoka katika Biblia, wakazikunja na kuzitia kapuni. Ibada ilipokwisha, kila msharika aliingiza mkono kapuni, akachukua karatasi yake, akaenda nayo nyumbani kama neno lake la mwaka.

Mwaka mmoja, mama mjane alipata Yeremia 29:11. Msomaji anaujua mstari huo. Umeandikwa nyuma ya daladala, kwenye kalenda za ukutani na kwenye kadi za mahafali. Ndani yake Mungu anasema kwamba anayawazia mema watu wake na kwamba atawapa tumaini. Mama yule alifurahi sana, kwa kuwa mwanawe wa pekee alikuwa ameanza kuendesha bodaboda na nyumba ilikuwa imeanza kupata nafuu. Kabla ya Pasaka tulimzika kijana yule.

Wiki mbili baada ya mazishi, mama alikuja ofisini kwangu. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa ile karatasi, akaiweka mezani. "Mchungaji," alisema, "hii haikuwa yangu. Mrudishie mwenyewe."

Nilimjibu upesi mno. Nilimwambia kwamba mawazo ya Mungu yako juu sana kuliko yetu, na kwamba asikate tamaa. Aliitikia kwa heshima, akaondoka. Kwa muda mrefu sikumwona tena kanisani. Leo kazi yangu ni kuwafundisha wanaojiandaa kwa uchungaji, na kila tunapofika sura hiyo ya Yeremia ninamsikia. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Mwenyewe wa ahadi hii ni nani? Na kama si sisi tulioandikiwa kwanza, inatufikia kwa njia gani? Katika makala hii ninakosoa jinsi tunavyosoma ahadi za agano, nikianza na mimbari yangu mwenyewe.

Maneno mawili tuliyoyazoea mno

Kiswahili kimetupa neno "agano". Kuagana, kwa masikio ya wengi leo, ni kupeana mkono wakati wa kutengana. Lakini kuagana ni pia kupatana, kufungana kwa neno, na hiyo ndiyo maana iliyoingia katika Biblia. "Ahadi" ni neno lililotoka Kiarabu, na huko asili yake hubeba maana ya agano lenyewe. Wakristo Waarabu huliita Agano Jipya kwa neno la ukoo huohuo. Kwa hiyo mwanzoni maneno haya mawili yalikuwa karibu sana. Ahadi katika Biblia haisimami peke yake kama methali. Ipo ndani ya uhusiano, na ina aliyeitoa, aliyepewa, na siku iliyotolewa.

Katika sharika zetu neno ahadi limepata kazi nyingine pia. Ni kiasi ambacho msharika ameandika kwamba atamtolea Mungu mwaka huu. Ana bahasha yenye namba, na mwaka ukikaribia kwisha mzee wa kanisa husimama kuwakumbusha wale ambao hawajamaliza ahadi zao. Sisemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Kazi ya Injili inahitaji fedha. Lakini tazama kilichotokea. Mlutheri wa leo akisikia "ahadi" kanisani, mara nyingi anafikiria kwanza deni lake kwa Mungu. Ile ambayo Mungu amemwahidi yeye ameachiwa karatasi ya kapuni.

Barua nzima

Turudi kwa Yeremia. Sura ya 29 ni barua. Iliandikwa Yerusalemu ikapelekwa Babeli kwa mkono wa Elasa na Gemaria, wajumbe wa mfalme Sedekia. Waliopelekewa ni wazee, makuhani, manabii na watu wote ambao Nebukadreza aliwahamisha pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Walikuwa watu waliong'olewa kwao, na swali lao lilikuwa moja: tutarudi lini?

Sura iliyotangulia inaonyesha kwamba tayari walikuwa na jibu. Nabii Hanania wa Gibeoni alisimama hekaluni, akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili Mungu atakuwa ameivunja nira ya Babeli, na vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Akaitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Yalikuwa mahubiri yenye ishara, yenye tarehe na yenye kupendwa.

Tusimfanyie Hanania dhihaka. Hakuwa akihubiri anasa. Alihubiri ukombozi wa taifa lililoonewa, na Yeremia mwenyewe alimwitikia Amina. Alitamani iwe hivyo. Tamaa ya kurudi nyumbani haikuwa dhambi. Kosa la Hanania lilikuwa kumwekea Mungu tarehe ambayo Mungu hakuitoa, na kwa kufanya hivyo, Yeremia anasema, aliwatumainisha watu uongo.

Ndipo ikaja barua. Jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuozesha, mzidi kuongezeka. Utakieni amani mji ule ule uliowateka, mkauombee. Msiwasikilize manabii wanaowaotea ndoto mnazozipenda. Miaka itakuwa 70. Baada ya hayo tu ndipo unakuja mstari wetu wa 11.

Hebu tuhesabu. Mzee aliyekuwa na miaka 40 siku barua ilipofika hakuwa na namna ya kuona mwisho wa miaka hiyo 70. Aliambiwa kwamba Mungu anamwazia mema, na katika pumzi hiyohiyo akaambiwa kwamba atazikwa Babeli. Koreshi aliwaruhusu Wayahudi kurudi mwaka 538 kabla ya Kristo. Waliorudi, kwa sehemu kubwa, walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioisikia barua ikisomwa. Si ajabu kwamba mtu mmoja huko Babeli, Shemaya, aliandika Yerusalemu kulalamika kwamba Yeremia aachwe vipi bila kukemewa, naye amewaambia uhamisho utakuwa wa muda mrefu.

Angalia pia neno moja dogo. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "ninyi". Mungu anawaza juu ya watu, juu ya jumuiya itakayopita vizazi viwili vitatu. Sisi tumeichukua barua ya taifa, tukaikata kwa mkasi, tukaondoa miaka 70, tukaondoa bustani na maombi kwa ajili ya adui, tukaondoa "ninyi", tukampa mtu mmoja karatasi ya miezi 12. Tulipomaliza kuikata hivyo, maneno yalikuwa ya Yeremia, lakini ahadi ilikuwa imekuwa ya Hanania.

Nani alipita kati ya vipande?

Watasema wengine: Agano lina masharti, anayetii hubarikiwa, anayeasi hulaaniwa, basi aliyekosa baraka ajichunguze. Fundisho hili limeenea, na andiko lake ni Kumbukumbu la Torati 28. Tumesikia mistari 14 ya kwanza ikitamkwa juu ya watu: kichwa wala si mkia, mjini na shambani, kapu na chombo cha kukandia unga. Ni nadra kusikia mistari 54 inayofuata, iliyojaa laana, njaa na uhamisho. Mtu akitaka kuzidai zile 14 kwa utii wake, kwa haki gani atazikwepa zile 54 kwa maovu yake? Paulo aliliona hilo. Katika Wagalatia 3 anasema kwamba wanaotegemea matendo ya sheria wako chini ya laana, kwa kuwa hakuna anayedumu katika yote. Kisha anasema kwamba Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu. Hatusimami mbele ya Kumbukumbu 28 kama washindi wanaochukua zawadi. Tunasimama kama watu waliolipiwa.

Nyuma ya sheria kuna agano lililotangulia, ambalo Paulo anasema sheria iliyokuja miaka 430 baadaye haikuweza kulitangua. Mwanzo 15 unasimulia. Abramu aliambiwa alete mtamba, mbuzi na kondoo, akawapasua vipande viwili, akavipanga kuelekeana, pamoja na hua na mwana njiwa. Katika Kiebrania agano "hukatwa". Maana ya tendo hilo tunaielewa vizuri katika Yeremia 34: waliopita kati ya vipande vya ndama wanajitia wenyewe chini ya hukumu, wawe kama yule ndama wakilivunja agano. Wazee wetu waliofanya undugu kwa kuchanjiana damu hawahitaji kufafanuliwa sana. Walijua kwamba anayeingia katika agano ameweka uhai wake ndani yake.

Sasa tazama anayepita. Jua limekuchwa, Abramu amelala usingizi mzito. Tanuru la moshi na mwenge unaowaka vinapita kati ya vile vipande. Abramu hakupita. Mungu amejifunga mwenyewe, akaichukua laana ya agano upande wake kabla Abramu hajaamka. Mkristo anayesoma hapa hawezi kuacha kuuona msalaba.

Na Abramu alipata nini? Aliahidiwa nchi nzima. Kipande pekee cha nchi hiyo ambacho Mwanzo unamwonyesha akikimiliki kwa hati mbele ya mashahidi ni shamba la Makpela lenye pango lake, alilolinunua kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, ili amzike mkewe Sara. Baba wa imani alikufa akiwa na kaburi na ahadi. Waebrania 11 inawasifu yeye na wenzake kwa sababu hiyo hasa: walikufa katika imani, hawajazipokea ahadi, lakini waliziona kwa mbali wakazishangilia. Anayemwambia mfiwa kwamba imani ya kweli lazima ipokee sasa, inampasa kwanza amweleze Ibrahimu amesimama wapi.

Ghala la Malaki

Kuna andiko la tatu tunalolitumia vibaya, na hapa sisi wa makanisa ya zamani hatuna haki ya kuwanyoshea kidole wahubiri wa kupanda mbegu. Ni Malaki 3:10, zaka kamili ghalani na madirisha ya mbinguni. Tunalisoma siku za changizo na siku za mavuno. Lakini ghala lile lilikuwa la nani? Kumbukumbu 14 inaamuru zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe malangoni, ili Mlawi asiye na urithi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Nehemia 13 inaonyesha kilichotokea zaka ilipozuiwa: Walawi walikimbilia mashambani kutafuta chakula. Na Malaki, kabla hajafika kwenye ghala, amewakemea makuhani wanaotoa sadaka zilizo vilema, na mistari michache tu kabla ya zaka amewataja wanaomwonea mjane na yatima.

Basi ahadi ya Malaki ni ahadi kwa jamii inayorudisha chakula cha maskini mahali pake. Tunapoitumia kumhimiza mjane atoe fedha yake ya mwisho ili afunguliwe madirisha, tumeigeuza miguu juu kichwa chini. Mjane ndiye aliyepaswa kula kutoka katika ghala lile. Usharika unaotaka kuijaribu ahadi hii kwa uaminifu uanze kwa kuhesabu ni sehemu gani ya sadaka zake inayofika kwa wajane wake.

Wosia

Narudi kwa swali la mama. Kama barua ni ya Wayahudi wa Babeli, na Kumbukumbu ni ya Israeli ukingoni mwa Yordani, je, tuzirudishe zote kwa wenyewe? Wapo wanaosema hivyo: hayo ni ya kale, sisi tuna Agano Jipya. Ni rahisi, lakini inatuacha bila Mungu wa Biblia. Wapo wanaosema kinyume: Israeli imekataliwa na kanisa limechukua kila kitu. Paulo anayakataa yote mawili. Katika Warumi 9 anasema maagano na ahadi ni za Waisraeli. Katika sura ya 11 anasema karama na mwito wa Mungu havina majuto, na sisi wa mataifa ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, tusijisifu juu ya matawi yale. Waefeso 2 inatukumbusha kwamba tulikuwa wageni wasio na sehemu katika maagano ya ahadi. Tumeingia katika nyumba ya wenyeji, na mlango ni mmoja: Yesu, Myahudi, mzao wa Ibrahimu. Ndiyo maana 2 Wakorintho 1:20 inasema ahadi zote za Mungu, zilizo nyingi, ndiyo yake ipo katika Kristo. Hatuzichukui moja moja kapuni. Tunampokea yeye, nazo tunazipata ndani yake, kwa sura aliyozipa yeye.

Hapa neno la Kigiriki linasaidia. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki hawakuchagua neno la kawaida la mapatano ya watu wawili wanaolingana. Walichagua "diatheke", neno lililotumika pia kwa wosia. Waebrania 9 inalisimamia neno hilo: wosia huthibitika kwa mauti ya aliyeuandika. Mwaka 1520, katika kitabu chake juu ya utekwa wa Babeli wa kanisa, Martin Luther alikijenga Chakula cha Bwana juu ya jambo hilo. Yupo mwenye wosia anayekaribia kufa, upo urithi ambao ni ondoleo la dhambi, wapo warithi, na mkate na divai ni muhuri wake. Mwaka ule ule kanisa lilikuwa likiifanya misa kuwa kitu ambacho mwanadamu anamtolea Mungu. Luther akasema hapana. Hapa Mungu ndiye anayetoa.

Tofauti kati ya mkataba na wosia tunaijua kwetu. Katika mkataba wa kuuziana, usipolipa hupati. Katika wosia mrithi halipi. Anachohitaji ni kwamba aliyeuandika amekufa na kwamba jina lake limo. Mauti imetokea Ijumaa Kuu. Jina limeandikwa siku ya ubatizo. Na kwa kuwa mwenye wosia huyu amefufuka, yeye mwenyewe ndiye msimamizi wa mirathi, hakuna ndugu mjanja atakayemdhulumu mrithi mdogo. Urithi wenyewe ulitangazwa na Yeremia huyohuyo, sura mbili tu baada ya barua ile: sheria iliyoandikwa moyoni, dhambi zisizokumbukwa tena, na Mungu aliye Mungu wao nao wakiwa watu wake. Yesu alipokiinua kikombe usiku ule, alisema ndicho agano jipya katika damu yake.

Je, hii inamaanisha kwamba mvua, ada za shule, afya na pikipiki ya kijana si mambo ya Mungu? Hasha. Bwana ametufundisha kuomba mkate wa kila siku, na Katekisimu Ndogo inaujaza mkate huo nyumba, shamba, mifugo, serikali njema na majirani wema. Tunaviomba kama watoto, kwa ujasiri, hata kwa machozi. Hatuvidai kama wadai wenye hundi. Na mtoto aliyeomba akanyimwa bado ni mrithi. Hilo ndilo ambalo fundisho la kudai ahadi haliwezi kumwambia mfiwa, kwa sababu lina njia mbili tu: ama Mungu ameshindwa, ama wewe umekosa imani.

Mwisho wa karatasi ile

Miaka kadhaa baadaye nilipita katika usharika ule kwa wiki ya uinjilisti, nikaenda kumwona mama. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Mchungaji. Karibu." Tulikaa. Nikamwambia kwamba nilimkosea. Nilimpa mstari na sikumpa barua. Nikamwomba ruhusa, nikamsomea sura yote.

Alinikatiza kwenye miaka 70. "Kwa hiyo wazee wale walifia hukohuko?"

"Ndiyo, mama. Wengi."

"Na waliambiwa wapande bustani."

"Waliambiwa."

Alinyamaza kidogo. "Hao nawaelewa," alisema.

Nilikuwa na karatasi yake bado, ndani ya Biblia yangu. Nikamnyoshea. Hakuichukua. Alisema niiache pale pale ilipo, ndani ya barua yake. Jumapili ile nilikuwa msaidizi kwenye Meza ya Bwana, naye alikuja. Nilimpa kikombe nikayataja maneno tunayomtajia kila mtu, kwamba damu hii imemwagika kwa ajili yake. Safari hii sikuwa na wasiwasi wowote kwamba nimempa kitu kisicho chake.